Kofia, Bila Kofia na Bi. Kidawa

Ipo nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani huioni. Zamani ilikuwamo, ila mchora ramani alipokuja kuipima upya alikamatwa kwa kosa la kuitazama milima bila kibali, na tangu hapo wenzake hukiruka kipande kile na kukipaka rangi ya bahari. Msomaji asijisumbue kufikiri ni nchi gani. Si hiyo anayoifikiria. Mambo yakifanana, ni kufanana tu, kama watu wawili wasiojuana wanavyoweza kukutana sokoni wamevaa shati la kitambaa kimoja.

Nchi hiyo ilikuwa na jimbo lililoitwa Matulivu, na jimbo hilo lilikuwa na jambo la kujivunia: Afande Mkuu wake wa polisi hakuteuliwa, alichaguliwa kwa kura. Wafadhili wa ng'ambo ndio waliotaka hivyo. Walisema demokrasia iteremke mpaka kituo cha polisi, na serikali, ambayo haijawahi kumkatalia mfadhili jambo lisiloigharimu, ikasema iteremke tu.

Tangu utaratibu huo uanze, Afande Mkuu alikuwa Sefu Kibiriti. Asije mtu akadhani hakuwa na mpinzani. Sheria ilitaka karatasi ya kura iwe na picha mbili, na zilikuwamo: Afande Kibiriti akiwa amevaa kofia, na Afande Kibiriti akiwa hana kofia. Kampeni zilikuwa moto kwelikweli. Mashabiki wa Kofia walivaa kofia mpaka kitandani, mashabiki wa Bila Kofia walinyoa vichwa vikang'aa, na kufikia siku za mwisho walikuwa hawasalimiani. Uchaguzi uliopita Kofia alishinda kwa kura chache mno. Bila Kofia akaenda mahakamani kuomba kura zijumlishwe na ushindi uwe wa wote wawili, kwa hoja kwamba mtu ni yuleyule. Jaji alifikiri sana, akaamua kwamba wagombea wale ni wawili, na kura ya mmoja haiwezi kuwa ya mwingine. Afande Kibiriti, aliyekaa upande wa mlalamikaji asubuhi na upande wa mlalamikiwa mchana, alitoka mahakamani akijipongeza na kujipa pole.

*

Katika jimbo hilo aliishi Bi. Kidawa Shomvi, fundi wa milango. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na mikono yake ilinuka vanishi hata siku ya Idi. Alikuwa mama mnene wa wastani, mcheshi, mwenye kauli za papo kwa papo, na hakuwa amewahi kukosa kazi hata wiki moja. Sababu ilikuwa polisi.

Polisi wa Matulivu hawakujua kuingia nyumba ya mtu ila kwa mguu. Walifundishwa hivyo chuoni. Aliyeongoza kwa ustadi huo alikuwa Koplo Ngwanda, kijana mrefu aliyevaa nishani kifuani kwa ajili ya mguu wake wa kulia. Mguu huo ulikuwa mali ya serikali, na alipotaka kuchezea mpira ilimbidi aombe ruhusa. Kila alikopita Koplo Ngwanda na mguu wake, Bi. Kidawa alifuata nyuma na futi yake kupima mlango mpya. Biashara ilikwenda vizuri.

Mpaka siku moja walipouvunja wa kwake.

Walikuwa wakimtafuta mwizi wa redio, na mwizi mwenyewe alikaa nyumba ya pili. Ndani walimkuta Shaweji, mdogo wake Bi. Kidawa, mtu mpole ambaye hata kuku akiingia sebuleni humwomba atoke. Alikuwa amesimama na pasi mkononi, ananyoosha shati.

"Unafanya nini hapa?" akauliza Koplo Ngwanda, mguu ukiwa bado umenasa kwenye ubao.

"Nipo nyumbani, afande," Shaweji akasema.

"Haya, amekiri. Mchukueni."

Bi. Kidawa alipofika kituoni alipokewa na Afande Kibiriti mwenyewe, mtu mfupi mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba maji ya kunywa.

"Mama," akasema, "Jeshi la Polisi la Matulivu halijawahi kukosea nyumba. Tangu liundwe. Tukiingia mahali na mwizi hayumo, basi mwizi amekosea kwa kutokuwemo, na aliyemo amekosea kwa kuwemo. Ndugu yako ana kosa la kupatikana nyumbani."

"Kwake, afande. Amepatikana kwake."

"Hilo ndilo linaloongeza uzito wa kosa."

"Sasa si utie saini tu atoke? Mtu hajaiba, hajapiga mtu."

Afande Kibiriti akamtazama kwa huruma, kama daktari amtazamavyo mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. "Nikitia saini, itaonekana tulikosea. Na nimeshakwambia kwamba hatujawahi. Wa kumtoa labda awe Afande Mkuu mwingine, ambaye hakuwapo siku hiyo. Na Afande Mkuu mwingine hayupo." Akarekebisha kofia. "Uchaguzi ukishapita, tutampeleka Gereza la Kisiwani. Kule ndiko wanakokaa wasio na kesi. Wenye kesi tunabaki nao hapa, wana tarehe za mahakama."

Gereza la Kisiwani lilijulikana. Watu walipelekwa, na hakuna aliyekuwa amekutana na mtu aliyerudi.

Bi. Kidawa alirudi nyumbani akalia, akamaliza, akanawa uso. Kisha akatundika pazia penye mlango. Fundi wa milango analala nyuma ya pazia, majirani wakamtania, na yeye akawajibu kwamba mlango ameshautengeneza, ule pale wa mninga umeegemezwa ukutani, ila wa kuutia ni Shaweji na si mwingine. Asipotoka Shaweji, pazia litakaa hapo mpaka lioze.

Siku chache nyuma ya lile pazia zilimfungua macho. Nyumba haikuwa na mlango, mtu yeyote angeweza kupenya, na bado kila aliyekuja alisimama nje akabisha hodi. Muuza samaki alibisha hodi. Watoto waliotumwa chumvi walibisha hodi. Mlevi wa mtaani, ambaye hakumbuki jina lake baada ya saa tisa alasiri, alisimama akiyumba mbele ya pazia akabisha hodi, akaambiwa karibu, akasema amekosea nyumba, akaomba radhi. Bi. Kidawa akajiuliza: polisi hawa walilelewa wapi? Akajijibu kwamba wamelelewa hukuhuku, na mama zao anawajua. Asubuhi yake akaenda kuandikisha jina kugombea uafande mkuu.

*

Kwa bahati, mwaka huo wafadhili walikuwa wameahidi kuleta waangalizi, na fununu zilisema waangalizi hawatafurahishwa na Kofia dhidi ya Bila Kofia. Ilitakiwa sura ya tatu, tena upesi. Polisi walikuwa wamezunguka jimbo zima kutafuta mpinzani, lakini wanaume wote waliofuatwa walikimbilia porini. Kwa hiyo Bi. Kidawa alipojitokeza kwa miguu yake mwenyewe, karani wa uchaguzi nusura amkumbatie.

Habari ilipomfikia Afande Kibiriti alicheka mpaka akavua kofia, jambo ambalo mashabiki wa Kofia walilichukulia vibaya.

"Seremala," akasema. "Mwanamke. Ilani yake je?"

"Hodi, afande," akasema aliyemletea habari.

"Karibu."

"Hapana, afande. Ilani yake ndiyo hiyo. Hodi."

Na kweli, Bi. Kidawa hakuwa na ilani nyingine. Kwenye mkutano wake wa kwanza, uliolindwa na polisi wengi kuliko wasikilizaji, alipanda juu ya meza ya kurandia mbao akasema akichaguliwa, polisi watabisha hodi. Watabisha ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wakiambiwa karibu, wataingia kama watu. Wasipojibiwa, wataondoka zao kama anavyoondoka mtu yeyote mwenye mama.

Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza, "Sasa mwizi akipigiwa hodi si atakimbia?"

"Baba, hata mlango ukivunjwa anakimbia. Tofauti ni kwamba unabaki bila mwizi na bila mlango."

Kijana mwenye kichwa kilichonyolewa akapaza sauti kutoka nyuma. "Wewe si ndiye unayefaidi milango ikivunjwa? Unatudanganya nini?"

"Ndiyo, nafaidi," akasema Bi. Kidawa. "Nikishinda nitakosa kazi. Ndiyo maana nawaomba nyingine."

Hapo wakapiga makofi, na baadhi ya polisi nao wakajisahau wakapiga. Mkutano ulipokwisha, Koplo Ngwanda alimsogelea taratibu akichechemea.

"Shikamoo mama. Hiyo hodi yako, itakuwa ya maofisa tu au na sisi wadogo?"

"Marahaba. Ya wote. Kwani vipi?"

"Goti, mama," akasema Koplo Ngwanda kwa sauti ya chini, na akatazama pembeni asije akaonekana.

*

Afande Kibiriti hakuwa mjinga. Aliposikia hodi inatajwa sokoni, msikitini, kanisani na kwenye foleni ya maji, aliitisha mkutano na kutangaza kwamba hodi ni fikra yake ya tangu utotoni.

"Ndugu wananchi," akasema, "mageuzi yamefika. Yamefika kwa sababu nimeyaleta. Kuanzia leo Jeshi la Polisi linaingia katika zama za hodi. Lakini hodi si jambo la kukurupuka nalo. Hodi inahitaji wataalamu."

Akaunda Kamati ya Hodi. Kamati ikaenda kwenye hoteli ya kando ya ziwa kujadili askari asimame umbali gani kutoka mlangoni, akiwa ameelekea wapi, na kama akohoe kabla au baada. Akaletwa mtaalamu kutoka ng'ambo kufundisha kubisha hodi. Mtaalamu mwenyewe neno alilisikia mara ya kwanza uwanja wa ndege, akalitamka kama mtu mwenye viazi vya moto mdomoni, na askari, ambao wamelisema tangu waanze kutambaa, wakalirudia vilevile kwa nidhamu. Mwishoni walipewa vyeti.

Kazi ilipoanza mitaani, jambo ambalo kamati haikulifikiria likatokea. Wezi walijibu.

Huwezi kuwalaumu. Mtoto wa Matulivu hufundishwa kusema karibu kabla hajafundishwa kuvaa viatu, na asiposema, anafinywa. Kwa hiyo mwizi wa redio, yule wa nyumba ya pili, alipobishiwa hodi akiwa amejificha ndani ya pipa la mahindi, alijibu kwa sauti nzuri, "Karibuni, karibuni ndani." Akatoka akijipangusa pumba. Ikabidi awape askari viti. Mama yake akaleta chai na viazi vitamu, akauliza wageni hawa ni akina nani na wanatoka kwa nani, na Koplo Ngwanda, kikombe mkononi, akashindwa kabisa kusema amekuja kumfunga kijana wake. Mtu akishakula kwako hawezi kukutia pingu kabla ya kusema ahsante, na akishasema ahsante mambo yanakuwa magumu. Akasema tu kwamba kuna redio ya watu haionekani. Mama akamgeukia mwanawe akamtazama. Redio ilirudishwa jioni ileile ikiwa imefutwa vumbi.

Ikawa hivyo jimbo zima. Askari walitoka asubuhi na vyeti vyao wakarudi mchana na vikapu vya maembe. Vitu vilivyoibwa vikarudi. Magoti yakapona. Polisi ambao maisha yao yote hawajawahi kuambiwa karibu na mtu aliyemaanisha, wakaanza kuchana nywele kabla ya kwenda doria.

Ila Shaweji alibaki rumande. Mwizi wa redio alikuwa kwao anakunywa uji, na mtu aliyekamatwa kwa niaba yake alikuwa ndani anasubiri Gereza la Kisiwani. Kila Bi. Kidawa alipompelekea chakula alimkuta amepungua, sauti imekuwa ndogo. Hakulalamika. Aliuliza tu kama shati lake liliungua, maana pasi aliiacha ya moto.

*

Siku mbili kabla ya kura, Afande Kibiriti akaamua kummaliza mpinzani wake kwa silaha yake mwenyewe. Alitangaza kwamba atabisha hodi ya mfano, yeye binafsi, redioni mubashara, mbele ya waangalizi, nyumbani kwa Bi. Kidawa. Alidai kuna fununu za mbao za magendo. Akijibu karibu, nitaingia nipekue, akawaambia wasaidizi wake, na mpekuzi mzuri hakosi kitu. Asipojibu, jimbo zima litasikia kwamba mwanamke huyu hana adabu. Hapo alipiga hesabu yake vizuri, lazima tukubali.

Bi. Kidawa naye alikuwa na hesabu yake. Ilani ilisema asiyejibu haingiliwi. Angekaa kimya, Kibiriti angelazimika ama kuondoka mbele ya watu ama kuingia kwa nguvu, na jimbo zima lingesikia redioni polisi wasiokosea wakikosea. Alijua kwamba hapo ndipo Shaweji atakapookokea. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya pazia, akajaza pembe ya kanga mdomoni.

"Msikilizaji," mtangazaji akanong'ona kwenye kipaza sauti, "Afande Mkuu anasogea. Amesimama. Amekohoa, kama mkakati wa Kamati ya Hodi unavyoelekeza."

"Hodi!" akanguruma Afande Kibiriti. Pazia likatikisika.

Bi. Kidawa akauma kanga.

"Hodi!"

Alimkumbuka mama yake, marehemu, na vidole vyake viwili vya kufinyia. Akashika kigoda kwa mikono miwili.

Kisha Afande Kibiriti akachoka. Jua lilikuwa kali, na koo limemkauka kwa kunguruma. Hodi ya tatu ilimtoka bila mkakati, taratibu, kama ya mtu aliyetumwa na mama yake kwa jirani. "Hodi, wenyewe."

"Karibu," akasema Bi. Kidawa.

Alishasema. Kanga ilimwangukia magotini. Nje majirani wakaguna kwa pamoja. Amemuuza mdogo wake kwa neno moja, tena bila hata kufikiri.

Pazia likafunuliwa, Afande Kibiriti akaingia akitabasamu, na nyuma yake waangalizi, mtangazaji na Koplo Ngwanda. Lakini mgeni ni mgeni. Bi. Kidawa akavuta kiti, akakipangusa kwa kanga. Chai ya tangawizi ilikuwa jikoni tayari, na mihogo ya nazi. Aliileta kwa sababu ndivyo ifanywavyo, na Afande Kibiriti akala kwa sababu ilinukia.

"Msikilizaji, Afande Mkuu anaongeza kipande cha pili."

Aliposhiba akasimama, akajinyoosha. "Haya. Tupekue."

Koplo Ngwanda akamsogelea sikioni. Kwa bahati mbaya mtangazaji naye alikuwa amesogea. "Afande," jimbo zima likasikia, "umeshatafuna."

Afande Kibiriti akatazama sahani. Akatazama waangalizi, ambao nao walikuwa wanatafuna. Akajifuta mdomo polepole. "Nilitaka kusema," akasema, "tumeridhika na ukarimu. Ahsante, mama."

Kinywa cha Bi. Kidawa kilikuwa kimerudi kazini. "Umefanya vema kuja, afande. Ila ugeni hurudishwa. Kesho na mimi nitakuja kwako, pale kituoni."

Na Afande Kibiriti, mbele ya kipaza sauti, akasema neno ambalo mtu yeyote wa Matulivu angelisema hata angekuwa usingizini: "Karibu sana, mama. Kwetu ni kwenu."

Koplo Ngwanda akafumba macho.

*

Kesho yake Bi. Kidawa alivaa kanga mpya, akabeba sahani iliyofunikwa kawa, akasimama mbele ya kituo kikuu cha polisi. Akabisha hodi. Tangu kituo kile kijengwe, watu walikuwa wakiingizwa. Hakuna aliyewahi kubisha hodi. Askari wa zamu waliangaliana, kisha wote wakasema karibu kwa mkupuo, kama darasa la chekechea.

Afande Kibiriti hakuwa na pa kujificha. Redio ilikuwapo. Akampa kiti, akampa soda, akamuuliza habari za nyumbani, akajibiwa njema ila mlango. Wakaongea habari za mvua. Ukafika wakati wa kuaga, na hapo ndipo shughuli ilipokuwa, maana Matulivu mgeni hatoki kwako mikono mitupu. Hata yai moja atapewa.

"Mleteeni mama kalenda ya polisi," akaagiza Afande Kibiriti.

"Ahsante, afande, kalenda ninayo. Nilichopungukiwa ni mtu wa kunitilia mlango."

Uso wa Afande Kibiriti ulipita rangi kadhaa. Akitia saini, polisi wamekosea, na hawajawahi. Akimnyima mgeni, jimbo linasikia. Akavuta pumzi, akaivuta tena, halafu ghafla uso ukang'aa.

"Koplo," akauliza, "zawadi hutiwa saini?"

"Hapana, afande. Zawadi hutolewa tu."

Basi Shaweji akaletwa. Walimfunga mkononi utepe mwekundu uliobaki kwenye uzinduzi wa choo cha kituo, na Afande Kibiriti akasimama wima. "Kwa niaba ya Jeshi la Polisi, lisilokosea, nakukabidhi kijana huyu kama ishara ya ujirani mwema. Umtunze."

Bi. Kidawa alimpokea kwa mikono miwili, kama zawadi inavyopokewa, na papo hapo akalia, mbele ya redio na watu wote, bila kujali. Shaweji alisimama tu na utepe wake, akipepesa macho juani.

"Sasa zawadi umepata," Afande Kibiriti akamnong'oneza. "Jitoe kwenye kura, tuelewane."

Bi. Kidawa akatazama nje. Barabarani, mpaka kwenye kona ya soko, wanawake walikuwa wamejipanga, kila mmoja na sahani iliyofunikwa kawa. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani, na kila mmoja alikuwa na redio.

"Leo nimekuja kama mgeni, afande," akasema. "Kesho nakuja kama mgombea. Na hao nyuma yangu uwakaribishe, wamesimama muda."

*

Kura zikapigwa kwa utulivu. Mashabiki wa Kofia walimpa Kofia. Mashabiki wa Bila Kofia, waliokuwa hawajasahau hukumu ya uchaguzi uliopita, walimpa Bila Kofia. Wengine wote wakampa Bi. Kidawa, pamoja na polisi takriban wote wenye magoti. Matokeo yalipotangazwa, Kofia na Bila Kofia kwa pamoja walikuwa wamempita, lakini kila mmoja peke yake alikuwa chini yake.

Afande Kibiriti alikimbia mahakamani kuomba kura zijumlishwe, mtu ni yuleyule. Jaji, ambaye alikuwa yuleyule pia, akamkumbusha kwa upole kwamba jambo hilo lilishaamuliwa, na kwamba yeye Afande ndiye aliyeshinda kesi. Kofia akamlaumu Bila Kofia kwa kugawa kura. Bila Kofia akasema lawama arudishiwe mwenyewe. Inasemekana hawajapatana mpaka leo. Waangalizi walirudi kwao na taarifa kwamba uchaguzi ulikuwa huru, wa haki na wenye mihogo mizuri.

Siku yake ya kwanza ofisini, Bi. Kidawa alitia saini mpaka mkono ukamuuma. Waliokosea kwa kuwemo majumbani mwao wakatoka wote, na boti iliyokuwa iwapeleke Kisiwani ikatumwa kuwaleta waliokwisha kupelekwa. Hodi ikawa sheria, na ile ya tatu isipojibiwa, askari anarudi alikotoka. Mguu wa Koplo Ngwanda ukarudishwa kwa mwenyewe, na sasa anacheza namba saba.

Shaweji alirudi nyumbani, lakini hakuwa yule wa zamani. Sufuria likianguka jikoni alikuwa anaruka. Hakucheka. Mlango wa mninga aliutia, kama dada yake alivyotaka, akachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, anafunga na kufungua, anafunga na kufungua. Bi. Kidawa alimwacha. Moyoni alikuwa anaumia, maana alidhani kumtoa kungetosha.

Alasiri moja walikuwa wanakula wote wawili, mlango umefungwa, wakasikia mtu anakohoa nje.

"Hodi."

Sauti ile kila mtu Matulivu aliijua. Kama alikuwa Kofia au Bila Kofia hawakuweza kuona. Pengine alikuja kurudisha ugeni, pengine kuagiza mlango. Shaweji aliacha tonge hewani. Bi. Kidawa, Afande Mkuu wa Jimbo, mdomo ukaanza kumfunguka wenyewe, na Shaweji akaweka kiganja juu ya mkono wa dada yake. Akatikisa kichwa.

"Hodi."

Shaweji aliukazia macho ule ubao wa mninga kama mtu anayengoja upasuke. Haukupasuka.

"Hodi, wenyewe."

Wakakaa. Nje nako kulikuwa kimya. Kisha zikasikika hatua, za mtu mfupi mwenye viatu vizito, zinashuka barazani, zinavuka njia, zinakwenda mpaka hazisikiki tena.

Shaweji akaanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, halafu mpaka tonge likamponyoka, na Bi. Kidawa akacheka naye huku anajifuta machozi kwa kanga.

"Tumemkosea adabu mtu," akasema dada.

"Kesho akija nitamkaribisha, dada, nitamkaangia hata yai," akasema Shaweji. "Leo nilitaka tu kumsikia akiondoka."